Marahaba Baada ya Mstari

Jumatatu, 4 Machi 2013

"Anayetaka kushinda mbio aanze kwa kujifunza breki." Hayo ni maneno ya shemeji yangu Simeoni, mwenye intaneti kafe hapa Singida mjini, mtu mwenye tumbo la mkurugenzi na hoja za chekechea. Nayapinga. Nimesoma historia kuanzia Warumi mpaka ubinafsishaji, na sijaona taifa lililoendelea kwa kukanyaga breki. Nilimweleza hayo mbele ya wateja wake. Akasema haya, shemeji, kaa uendeshe.

Nikaendesha. Kona ya kwanza, ukuta. Kona ya pili sikuiona, maana nilikuwa bado ukutani.

Kwa nini mtu wa umri wangu anakaa mbele ya gemu la magari? Eliana. Binti yangu. Mwaka jana niliandika gazetini barua kali juu ya vijana wanaoacha chuo cha ualimu kwenda kuuza simu. Sikumtaja jina. Nilitaja Mwanza tu, na duka, na rangi ya sare. Tangu hapo hatusemezani.

Jana ametuma salamu kupitia kwa mama yake. Ana jambo la kuniambia, ila kwenye simu eti simwachi amalize sentensi. Basi tushindane kwa mtandao, Jumamosi saa kumi jioni, yeye akiwa Mwanza na mimi kwa Simeoni, kwenye gemu lilelile alilojifunzia kwa mjomba wake huyohuyo. Akishinda, nitamsikiliza mpaka mwisho bila kujibu neno. Nikishinda mimi, atanisikiliza yeye.

Bila kujibu neno! Mimi!

Lazima nishinde.

Jumanne, 5 Machi

Somo la Simeoni. Anasema nizunguke peke yangu kwanza, polepole, bila mpinzani, mpaka niijue kila kona. Nipunguze mwendo kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka, kisha nitoke nikikanyaga mafuta. Macho yatazame ninakokwenda, siyo boneti. Nirekebishe kosa moja, nilimalize, ndipo nihamie jingine. Halafu nishindane na gari la kivuli: gemu linahifadhi mzunguko wako bora na kuuonyesha kama gari jeupe jeupe linalokimbia mbele yako. Na nije asubuhi, kafe ikiwa tupu, maana mtandao ukielemewa magari yanarukaruka kama panzi.

Nikamwambia hiyo ni elimu ya kukariri, tumeirithi kwa wakoloni. Akaniuliza kama ukuta nao tumeurithi kwa wakoloni. Wateja wakacheka. Watu wasiosoma hucheka haraka.

Nimezipa kona majina. Ile ndefu ni Mtinko, ile ya kupanda ni Kilimatinde, ya mwisho ni Sepuka nilikozaliwa. Nimeanguka Kilimatinde kutwa nzima.

Naandika hapa tu: jioni nilikanyaga breki mapema pale Kilimatinde, Simeoni akiwa ametoka. Nilipita. Sikumwambia.

Jumatano, 6 Machi

Nimeshindwa na Alute! Dereva wa bodaboda ambaye barabarani hajui breki ni nini, lakini kwenye gemu anafunga breki kwa adabu kama padri. Tulikuwa mstarini, yeye kompyuta ya dirishani, mimi ya ukutani. Akaandika kwenye kisanduku cha ujumbe: Shikamoo mzee. Nikatoa vidole kwenye vitufe vya kuendeshea nikaandika marahaba, herufi moja moja. Nilipomaliza, alikuwa anaingia Mtinko.

Nikalalamika kibodi ni ya mitumba. Nikalaani soko huria lililotujazia mabaki ya Ulaya. Kisha wazo likaniingia.

Raundi ya pili akasalimia tena. Safari hii sikujibu. Nikaondoka. Na Alute? Alibaki palepale! Mtoto aliyelelewa Singida hawezi kumwamkia mtu mzima kisha akamwondokea kabla hajaitikiwa. Alinyanyua shingo juu ya kompyuta kunitazama, kama mtu aliyepiga hodi akasikia watu ndani wamenyamaza. Mimi nilikuwa Kilimatinde.

Ushindi wangu wa kwanza. Eliana nimemlea mwenyewe. Atasalimia.

Alhamisi, 7 Machi

Simeoni kanivuta pembeni. "Shemeji, ule siyo mchezo. Salamu ya mtoto huifanyi breki yake." Nikamjibu kwamba katika ushindani huru kila mmoja hutumia alichonacho, na mimi nina umri. Akasema umri ninao, tena wa kutosha.

Cha ajabu, asubuhi hii nililipita gari la kivuli. Bila hila. Nilipunguza mapema, nikatazama mbali, nikatoka Sepuka safi kabisa. Simeoni alikuwa nyuma yangu. Hakucheka. Alisema nikiendelea hivi, Jumamosi zitakuwa mbio za kweli kati ya baba na mwana.

Nilifurahi sana. Halafu nikaingiwa na hofu. Katika mbio za kweli mtu anaweza kushindwa.

Jumamosi, 9 Machi

Saa kumi. Gari lake jekundu likatokea mstarini karibu na langu. Likaja neno: Shikamoo baba.

Mwaka mzima sikuwa nimelipata neno hilo.

Taa zikawa kijani. Nikaondoka.

Nilipita Mtinko vizuri. Nilipita Kilimatinde vizuri kuliko siku zote, na hapakuwa na mtu nyuma wa kuona. Mzunguko wa pili nikarudi pale tulipoanzia. Gari jekundu lilikuwa bado limesimama. Nikalipita ubavuni kama mtu anayempita mwenzake sokoni na kujifanya anatazama nyanya.

Nilishinda. Ndipo nikaandika: Marahaba mwanangu. Jina lake lilikuwa limeshazimika.

Alute, aliyekuwa akitazama toka kompyuta ya dirishani, alinyanyuka akatoka bila kuaga.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu Magdalena karudi kutoka kanisani, kanipakulia ugali na mlenda, hakukaa. Nikauliza habari za Eliana kana kwamba nauliza habari za mvua. Akanijibu akiwa amesimama.

Kampuni yao inafungua duka hapa mjini. Eliana aliomba ahamishiwe nyumbani. Jambo lake lilikuwa hilo, na kuniomba chumba chake cha zamani, ambacho nimekijaza magazeti. Jana usiku amewaambia wakubwa wake wampeleke Bukoba.

"Ameniuliza hivi, Baba Eliana: mtu aliyeshindwa kuniitikia salamu, nitamwomba chumba vipi?"

Nikasema kimantiki chumba na salamu ni mambo mawili tofauti. Nikaanza kufafanua. Magdalena akaondoa sahani, mimi bado nakula.

Kwa hiyo nimeshinda. Ninayo haki ya kusikilizwa, na nyumba nzima hamna wa kunisikiliza. Mchana nimeyatoa magazeti juu ya kitanda chake nikayapanga sakafuni. Godoro limebaki na mistari yake. Nimekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumanne, 19 Machi

Kila asubuhi nafika kafe ikiwa bado inafagiliwa. Nafanya mizunguko yangu, kisha nasimama mstarini kumsubiri. Simeoni hanitanii tena. Bora angenitania.

Leo, saa nne hivi, gari jekundu! Jina: Eliana. Nikavuta kiti karibu na meza.

Shikamoo baba.

Jibu lilikuwa vidoleni. Naapa lilikuwa vidoleni. Lakini taa zikawa kijani, na Mtinko nilikuwa nimeifanyia kazi juma zima. Nikasema nipite kona ile moja tu, nimjibu. Nikaipita vizuri mno. Kilimatinde inafuata palepale, huwezi kusimama katikati. Na ukishaitoka Kilimatinde kwa mwendo ule, Sepuka unaiachaje?

Mzunguko wangu bora tangu nianze. Simeoni aliutazama muda ule kwenye skrini, akanitazama mimi, akaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Jina la Eliana lilikuwa limezimika.

Ninyi vijana wa Mwanza mnaocheza na Eliana, mwambieni neno kwa neno: chumba kiko wazi, asiende Bukoba. Arudi mstarini kesho. Aandike tena shikamoo, asubiri palepale, asiondoke. Safari hii nitamwitikia.

Nikishavuka mstari.