Halbadiri ya Chumba cha Juu

Jumapili, 3 Agosti

Sundus ameteremka ngazi sasa hivi kwa makalio, kidato baada ya kidato, amekumbatia ndara ya kiume. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Ndara ile ni ya Owen, mpangaji wa chumba cha juu, na chumba cha juu hufungwa kufuli mchana kutwa.

Nikapanda mbio. Mlango wazi. Kitanda hakina godoro. Msumari wa shati hauna shati. Owen amehama!

Ya Rabbi. Nyumba si yangu, ni ya Bi Ummu, mama wa mume wangu. Alipokwenda Pate kumuuguza dadake alinishika mkono, akasema kile chumba ni amana, kodi niipokee mimi na akirudi nimkabidhi. Anarudi Jumamosi hii. Miezi mitatu, na sijashika hata shilingi.

Si kwamba nilisahau. Kila mwisho wa mwezi nilisimama ngazini na ufagio, nikikohoa. Owen akishuka hunisalimu kwa adabu, humrusha Sundus juu, kisha huniuliza, "Tuko sawa, Mama Sundus?" Nami huona haya. Husema tuko sawa. Mtu wa heshima vile utamdaije?

Bi Ummu alishasema mbele ya watu kuwa mkazamwana wake hawezi kutunza kuku, seuze nyumba. Kuku walikufa kweli. Akikuta na kodi haipo, atampa nyumba mpwa wake aiangalie, nasi tutahamia kile chumba cha uani chenye popo. Mwanangu na popo!

Lakini nina ndara. Mwenye ndara atarudi.

Jumatatu, 4 Agosti

Owen yuko Kililana, kazi ya bandarini imemvuta huko. Simu sina, Sundus aliitumbukiza birikani. Nimemtuma Bakr, anayevusha abiria kwenda bara. Kodi sikuitaja. Bakr ukimpa siri asubuhi, adhuhuri utaisikia sokoni. Nikasema tu amwambie Owen ndara yake iko kwangu, aje tuzungumze.

Bakr karudi na jawabu. Owen anashukuru sana. Ile ya pili ameshaitupa, basi nami niitupe hii. Anamsalimu Sundus.

Sundus hataki itupwe. Amelala nayo.

Jeilani, mume wangu, yuko hukohuko Kililana, mlinzi wa bohari, huja Ijumaa kwa Ijumaa. Simwambii. Ana moyo mwororo, atasononeka.

Jumanne, 5 Agosti

Nilikwenda kwa jirani, Bi Shukri, kuomba chumvi. Nikaropoka yote. Akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, haki haipotei ndiani. Isomee Halbadiri."

Halbadiri! Watu wazima wakae duara, watajwe watu wa Badri, na aliyekula haki avimbe tumbo au akili zimruke. Simtakii Owen tumbo. Naye ana mamake huko kwao.

Nimepata shauri. Halbadiri isisomwe, ivumishwe tu! Nimemnong'oneza Bakr kuwa itasomwa Alhamisi baada ya isha, nikamwapisha asimwambie mtu, ili awaambie wote. Jina sikutaja. Bi Shukri anasema ukitaja jina ukakosea, inakurudia mwenyewe. Nimesema ni kwa yeyote aliyekula kodi ya chumba cha juu.

Owen atatetemeka. Kwa sasa natetemeka mimi. Nimejipapasa tumbo mara mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Mtaa umeingia baridi. Bi Shukri amerudisha mbuzi yangu ya kukunia nazi, ambayo tangu Ramadhani nikimuulizia husema haijui. Muuza maziwa kaniuliza, akiwa amesimama mbali, kama Halbadiri huangalia na vipimo. Akanijazia kikombe mpaka kikamwagika.

Owen, kimya.

Kisha likaja lenyewe. Bi Shukri kanipa habari njema: nisihangaike tena, ameshakwenda kwa Maalim Abdulhalim, amekubali, na ubani ushanunuliwa. Itasomwa kweli! Nikatafuta pa kukaa. Nikataka kusema hapana, ulimi ukasema ahsante. Haya zangu zitaniua.

Magharibi akaingia Jeilani, kabla ya Ijumaa yake. Uso jivu. Jasho. Ameshika tumbo. Malaria, nikajua. Nikamchemshia tangawizi. Akauliza kama Halbadiri humshika na mtu aliyekopa tu, mwenye nia safi ya kurudisha. Homa hiyo inamsemesha. Nikamwambia humshika yeyote. Akasukuma sahani. Maskini mume wangu, anavyoichukia dhuluma!

Alhamisi, 7 Agosti

Alfajiri Jeilani kanivuta jikoni, kafunua shati.

"Radhiya, niangalie kwa haki. Limevimba?"

Nikamwambia ni lilelile la siku zote. Akalia. Mwanamume mzima, kando ya gunia la makaa! Owen hadaiwi hata senti. Kila mwezi alituma kodi kamili kwa simu ya Jeilani, maana Jeilani mwenyewe alimwambia asimsumbue mkewe. Ndiyo maana ya ile "tuko sawa". Na Jeilani akaitia pesa kwenye injini ya mashua, ubia na Bakr, apate kuirudisha na faida. Injini haijawaka hata siku moja.

Namsomea Halbadiri baba wa mwanangu!

Nilivaa buibui kinyume, nikakimbia kwa Maalim. Nikamwambia deni limelipwa. Akatikisa kichwa kwa mshangao: haijasomwa, na imeshafanya kazi? Nikasema ndiyo. Akasema basi neema kama hii haipiti kimyakimya, jamaa watakuja vilevile wasome dua ya shukrani, niwaandalie kahawa na halua. Nikataka kusema hapana. Nikasema karibuni.

Alasiri Bakr akabisha, kijasho kinamtiririka. Kaweka mlangoni kitambaa chenye pesa za Jeilani za injini, kaondoka kinyumenyume. Alhamdulillahi! Kodi yote.

Walikuja msikiti mzima. Kodi ya mwezi mmoja imeliwa na halua. Maalim aliuliza tumwombee nani. Nikataja la kwanza lililonijia: dadake Bi Ummu, mgonjwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Bi Ummu kafika. Hata buibui hajavua, kanyosha mkono. Nikampa kodi. Akahesabu. Akahesabu tena. Jeilani akajificha nyuma ya Sundus, ambaye hafiki hata gotini.

"Mwezi mmoja u wapi, mwanangu?"

Nikafumba macho. Niliwaona popo wale, mmoja mmoja. Kabla sijafungua kinywa, kanivuta kifuani. Habari alishazipata chomboni: kuwa nimeitoa pesa ya mwezi mzima kumfanyia dadake dua, na dadake usiku uleule wa Alhamisi kaketi, kaomba uji. Analia. Anasema hajui alikuwa akinionea nini.

Sikumsahihisha. Jeilani kakimbilia kumpokea mizigo.

Bi Ummu kasema nyumba niendelee kuiangalia mimi, na mpangaji mpya nimtafute mwenyewe. Popo wabaki na chumba chao.

Jumatano, 13 Agosti

Mpangaji nimepata! Anaitwa Jeruto, mwalimu, mgeni hapa Amu. Anaongea polepole, anatabasamu kabla hujamaliza kusema. Sundus kampa ndara ya Owen kwa mikono miwili. Ishara njema hiyo, mtoto hadanganyiki.

Bi Ummu alinitaka nipokee malipo kwanza, ndipo nitoe ufunguo. Niliona haya. Mtu wa heshima vile! Ufunguo nimempa. Anasema atatuma kodi leo hii, akauliza namba. Simu yangu bado i maji, nimempa ya Jeilani. Jeilani, ambaye hajarudi kazini bado, kaapa, na nilimwangalia machoni alipoapa. Injini ameshaisahau, siku hizi anazungumzia mashine ya barafu tu.

Sasa nimetulia. Hofu imenitoka kabisa. Jambo lenyewe ni kuchagua watu wa kuamini, na mimi kwa hilo nina

Bi Ummu ananiita kutoka chini. Asema simu ya Jeilani imelia na Jeilani anavaa viatu, niteremke upesi nimshi