Firigisi Iliyofika Mahakama Kuu

Sogeeni, enyi wa Msamala, na nyinyi wa Bombambili egesheni baiskeli; nyamazeni, hata mwenye kikohozi akimeze, nipate kuwasimulia vita vikuu vilivyopiganwa mbele ya Jaji Devota, ambamo Mama Epifania wa Ruhuwiko, Mshika-Mwiko asiyeogopa moshi, alimkabili Wakili Urban, Bingwa wa Vifungu, mwenye tai ndefu kuliko subira yake.

Chanzo kilikuwa baraza. Fundi Pankrasi alilijenga. Mama akasema limeinama, mvua inaingia sebuleni. Fundi akaapa liko sawa. Mkataba wao ulitaka ugomvi uamuliwe na msuluhishi, si mahakama. Msuluhishi akaja, akaweka gololi sakafuni, gololi ikagoma kwenda popote. Mama akashindwa, tena akaamriwa alipe gharama zote za Urban, wakili wa fundi.

Haya, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini alipoisoma ankara ya wakili akakuta humo “mlo wa mchana, siku ya ukaguzi.” Lahaula! Machozi ya hasira yakamtoka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda mahakamani peke yake.

“Mama,” akanena Jaji, “habari ya baraza ilikwisha kwa msuluhishi, siifufui. Mimi natazama gharama tu: zilitumika kweli, na ni za haki?”

“Mheshimiwa, baraza nimelisamehe, mvua ikiingia nitaogelea! Ada nitalipa, nauli nitalipa. Lakini siku ile ya ukaguzi walifika kwangu jua la utosini. Awe adui, awe rafiki, mgeni ni mgeni! Nikamchinja jogoo wangu, nikasonga ugali, nikamnawisha huyu wakili mikono. Na firigisi, ambayo tangu marehemu mume wangu aondoke sijampa mtu nyumbani mwangu, nikamwekea yeye. Leo ananidai bei ya chakula changu mwenyewe! Mheshimiwa, nimedhalilika.”

Urban akainuka, akajikohoza Kilatini, akaunguruma: “Mheshimiwa Jaji! Kwa desturi adhimu za taaluma yetu, wakili anapoiacha ofisi yake na kukabili vumbi la Ruhuwiko...”

“Wakili, firigisi ulikula?”

“Swali hilo, Mheshimiwa, lina pande nyingi.”

“Ulikula?”

“Nilikula.”

“Na ugali?”

“Niliongeza.”

Loh! Kalamu ya Jaji ikashuka kama sululu. “Mlo umefutwa. Mengine yote yanabaki.”

Mengine hayo aliyalipa, na yalimuuma, nisiwadanganye. Nguruwe wake wawili walikwenda sokoni. Lakini siku ile alitoka mle ndani shingo imesimama, wanawake wakimpigia vigelegele hadi askari wa getini akasahau kuwanyamazisha. Mlangoni akamgeukia adui yake, akamuuliza kwa upole wa kweli: “Baba, mchana umekula?”

Bingwa wa Vifungu akafungua mkoba wake, akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Basi na iingie katika tarikhi za Ruvuma, watoto waikariri: tangu siku ile wakili wa Songea akienda kukagua jengo la mtu, hubeba maandazi yake mwenyewe.