Kompyuta ya Mkurugenzi Ianze Kwanza

Na pembe zikakwama mlangoni, jamani, mbele ya waziri! Za nani? Aa, ngoja kwanza. Nikianzia huko nitaharibu, na mimi siku hizi ni mtu wa utaratibu: ni Katibu wa Kamati Maalumu ya Kuchunguza Uvivu wa Kompyuta, Idara ya Theluji, hapahapa Winnipeg, Kanada. Cheo kipya kabisa, bado kinanukia rangi.

Idara yetu ndiyo yenye ile programu inayoyaambia magari ya kukwangua theluji yaanze barabara ipi. Kila mwaka tunaiandika upya, na lazima iwe tayari kabla theluji ya kwanza haijadondoka. Sasa, programu ikishaandikwa inabidi ijengwe, yaani maelfu ya vipande vya maandishi vigeuzwe kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukitenda. Kompyuta moja ikifanya peke yake, mtazeeka mnaingoja. Kwa hiyo tunafanya kama kina mama wa kanisa la Kiukraine wanapotengeneza perogi, zile sambusa zao za kuchemsha, kule chini ya kanisa: huyu anasukuma unga, yule anajaza viazi, mwingine anabana kingo, wote kwa mpigo, na baada ya muda kuna mlima wa perogi. Kompyuta zote za ofisi, hata ile ya mapokezi, zinagawana vipande.

Anayesimamia mgawanyo ni Larysa Hrycak. Mwanamke ana mdomo huyo! Na bibi yake ndiye mkuu wa unga kanisani. Halafu tuna desturi yetu: ujenzi ukikwama, aliyeukwamisha anavaa kofia ya manyoya yenye pembe pana kama matawi, na donati za ofisi nzima zinakuwa juu yake.

Mkurugenzi wetu, Bwana Garth Penner, hajawahi kuivaa. Ni mtu wa kuwahi, mfano kwa taifa. Saa zake zote zinakwenda dakika kumi mbele: ya mkononi, ya kwenye gari, ya kwenye kompyuta. Kompyuta zetu sisi wengine zinafuata saa kuu ya ofisi. Ya kwake ina kibali maalumu cha kutofuata, alijisainia mwenyewe.

Basi mwezi uliopita akatembelea chumba cha mashine, akatoka amekunja uso. Ameona kompyuta zinafanya kazi zote kwa wakati mmoja, bila foleni, bila mkubwa wala mdogo. Akatoa tamko, nalinukuu kwa heshima: kuanzia leo kompyuta ya Mkurugenzi itaanza kwanza, na hakuna nyingine itakayogusa kitu kabla hiyo haijatoa kipande cha kwanza. Larysa akamweleza kwamba kipande cha kwanza ndicho unga wenyewe, vyote vingine vinatokana nacho. Mkurugenzi akafurahi sana. Akasema basi unga ni wake.

Toka siku hiyo ujenzi haujaisha. Unafika mwisho, unarudi mwanzo. Unafika mwisho, unarudi mwanzo. Larysa akaivaa kofia, ikawa kama imeota kichwani. Na utabiri unasema theluji Jumamosi! Mkurugenzi akatangaza kwamba waziri anakuja Ijumaa kubonyeza kitufe cha uzinduzi, na kama hakuna cha kubonyeza, Larysa arudishe kitambulisho aende nyumbani. Aliingia hapa akiwa mwanafunzi, maskini, hajui ofisi nyingine.

Haki lazima itendeke, ndipo ikaundwa kamati, mwenyekiti Mkurugenzi mwenyewe. Tulihoji kompyuta moja baada ya nyingine. Ya mapokezi ilipewa onyo kali. Ya Jomar Dimaculangan, kijana wa ramani, ilikutwa ina joto, ikasifiwa kwa bidii. Birika la kahawa lilipata pongezi kwa mvuke na kelele. Baadaye ikabainika si kompyuta, lakini pongezi hazikufutwa. Mwisho Mkurugenzi akapendekeza azimio, huku akimkodolea Larysa macho: mwenye kompyuta itakayothibitika kukwamisha ujenzi avae kofia mpaka theluji ya kwanza iondolewe barabarani, na asiguse tena mambo ya ujenzi. Likapita. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Leo Ijumaa, kikao cha mwisho. Larysa ameshakiweka kitambulisho mezani. Mkurugenzi akaingia, akatukuta wote tumekaa, akatukaripia kwa kuchelewa, kama kawaida. Mimi kalamu mkononi, natakiwa kuandika saa ya kufungua kikao.

"Bosi, niandike saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

Ya ukutani inasema saa nne kamili. Nikauliza, kwa nia njema kabisa, niandike ya nani.

"Yangu. Yangu haijawahi kuchelewa."

Larysa akaiweka donati chini polepole. "Na ya kwenye kompyuta yako, bosi?"

"Vilevile. Ina kibali."

"Mama yangu wee," Larysa akasema, wala hakupaza sauti. "Hivi unajua kompyuta inaamuaje kupika kipande upya? Inaangalia saa. Ikiona unga ni mpya kuliko perogi, inasema hizi zimepitwa, pika tena. Na unga wako unatoka umegongwa muhuri wa saa ambayo haijafika. Perogi zetu, tuzipike vipi, zinazaliwa zimeshazeeka."

Mkurugenzi akafikiri. "Kwa hiyo kompyuta yangu imezitangulia zote."

"Hongera, mzee," Jomar akasema. "Sogeza kichwa."

Larysa akaenda akairekebisha ile saa. Ujenzi ukaisha kahawa yangu ikiwa bado ya moto, nakuapia. Mkurugenzi akaomba azimio litafsiriwe upya. Nikalisoma mara mbili kwa sauti, yote ni maneno yake. Halina pa kutokea. Larysa akachukua kitambulisho chake, akavua kofia, akamvalisha kwa mikono yake miwili, na akamkumbusha kwamba sisi donati tunapenda zenye asali.

Kumbe waziri ameshafika, amekaa anangoja. Na mtu ambaye hajachelewa tangu azaliwe yuko chooni anajaribu kukunja pembe! Hazikunjiki. Ndipo alipokuja mbio, na mlango ukamkamata.

Waziri akamtazama, akatazama saa ya ukutani, akauliza swali moja tu. Hilo nitakwambia kesho nikiwa nimetulia. Utabiri wenyewe umebadilika, theluji haionekani kuja karibuni, na sasa hivi kamati inakutana kujadili upana wa milango. Nimeshakaa, kalamu ninayo. Mwenyekiti bado hajafika.