Shikamoo Iliyoondoka na Shangazi

Jamani, leo nimepatikana. Mtaa wote wa Gongoni umeniona, na waliokosa kuniona wanasimuliwa sasa hivi. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa habari iliyotiwa chumvi.

Shangazi yangu Tatu analima tumbaku Urambo. Mwaka huu amenunua bajaji ya umeme ifanye kazi hapa Tabora mjini. Dereva atakuwa nani? Ama mimi, mwenye shahada (iko kwenye bahasha, haijambo), ama binamu yangu Shija. Alisema leo angekuja mwenyewe kuamua.

Wiki mbili nimeshinda gereji kwa Fundi Maganga nikijifunza ile bajaji. Fundi ana sharti. Kabla ya kuigusa popote, weka mawe kwenye matairi, chomoa waya mkubwa wa betri chini ya kiti cha dereva, na funguo akabidhiwe yeye. Hata kama unafuta kioo tu!

"Kwa nini, fundi? Si imesimama?"

"Imesimama. Na ng'ombe aliyesimama huwa hatembei?"

Nikamwambia hilo si jibu. Akanipa tambara nifute vioo.

Leo saa nne asubuhi alimaliza kufunga kiti kipya cha abiria. Akavua ovaroli, akaitundika msumarini, akavuka barabara kunywa chai. Funguo zikabaki mfukoni mwa ovaroli. (Kuchukua kitu mfukoni mwa mtu kuna jina lake. Nalijua.)

Mimi sipendi sharti lisilo na sababu. Nikarudisha waya. Nikawasha. Taa ndogo ikawaka pale mbele, basi. Hakuna mlio, hakuna mtikisiko, hakuna moshi. Nikasikiliza kwa makini kama daktari. Kimya. Nikasema moyoni, mawe ya nini kwa kitu kilichotulia hivi? Nikayatoa, nikayasukumia pembeni kwa mguu. Yalikuwa yanaharibu sura ya bajaji mpya mbele ya mwenye nayo.

Wakati huohuo, bodaboda ikasimama. Shangazi huyo! Kaletwa kutoka stendi na Kasimu, dereva boda wa mtaani kwetu. Hakunisalimia. Akaenda moja kwa moja kwenye bajaji yake, akaingia, akakaa kiti cha nyuma, akakibonyeza bonyeza.

"Kiti kizuri," akasema. Kisha akaniangalia. "Wewe, hata shikamoo hakuna? Huko chuo ndiko mlikofundishwa kukodolea watu wazima macho?"

Uso ukanichoma. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa bajaji, mkono wa kulia umeshika usukani, pale pa kunyongea mafuta. (Haina mafuta, lakini mazoea yana taabu.) Nikaona hapa shikamoo ya kawaida haitoshi. Nikainama. Nikainama kweli, hadi kiuno kikalia.

"Shikamoo, shangazi!"

Kiuno kiliposhuka, kiwiko kikashuka nacho. Kiwiko kiliposhuka, kifundo cha mkono kikanyonga.

"Marahabaaaaaaa!"

Hiyo marahaba ilianzia gereji ikamalizikia barabarani.

Bajaji iliondoka kimya kama paka aliyeiba samaki. Sikuiachia. Ningeiachia ingepunguza mwendo, lakini nani anaachia shangazi anayeondoka? Nikaivuta irudi. Na kadiri nilivyoivuta, ndivyo nilivyozidi kunyonga. Nakimbia ubavuni, ndala moja imebaki nyuma, napiga kelele "Simama! Simama!" kana kwamba chombo kimesoma Kiswahili.

Mbele kulikuwa na kamba ya nguo ya jirani, ina mashuka ya nyumba ya wageni. Tukaibeba. Shuka moja likaifunika bajaji yote, dereva hamna, abiria haonekani, inakwenda kama bibi harusi aliyebadili mawazo. Mtaro ndio uliotuonea huruma. Tairi la mbele likadumbukia, tukasimama.

Watu wakajaa! Kila mmoja mwokoaji. Mmoja anavuta shuka, mwingine anamwagia maji bajaji ambayo haikuwa inaungua. Fundi Maganga naye anakuja mbio, kikombe cha chai bado mkononi, anapaza sauti kutoka ng'ambo:

"Msiiguse! Imezima?"

Shangazi, ndani ya shuka, alisikia mtu anauliza kama yeye ni mzima. Kwa adabu zake akajibu kwa sauti:

"Ni mzima!"

Sasa jaribuni kulisema neno hilo mdomo ukiwa umezibwa na shuka. "Ni mzima." Fundi akasikia "imezima." Kasimu akasikia "imezima." Mimi niliyekuwa najua kuwa haijazima nilikuwa nahema, sauti haitoki.

"Haya, inueni!" akasema fundi.

Kasimu, mwenye nguvu na moyo mzuri, akashika usukani palepale nilipokuwa nimeshika mimi. Akainua. Akanyonga.

Bajaji ikapanda kutoka mtaroni yenyewe, ikampita Kasimu, ikanisukuma kifuani kwa upole kabisa, nikakaa ndani ya mtaro. Si pembeni. Ndani. Maji ya sabuni na maganda ya viazi hadi kitovuni, na shati langu jeupe la kuombea kazi. Ikasogea hatua tatu zaidi, ikasimama. Kimya kilekile.

"Bado ni mzima!" akasema shangazi.

Safari hii fundi hakuuliza mtu. Akaingiza mkono chini ya kiti, akachomoa waya, akachomoa funguo, akaweka tofali mbele ya tairi na jingine nyuma. Ndipo akamsaidia shangazi kushuka. Hana hata mkwaruzo, Mungu mkubwa.

"Ya petroli ikiwa hai inapiga kelele," fundi akaniambia nikiwa bado mtaroni. "Hii ikiwa hai au imekufa, uso ni uleule. Ndiyo maana. Hilo ndilo jibu ulilokuwa unalitaka." Kisha akawageukia watu. "Nani ametoa mawe?"

Kasimu alikuwa anaangalia vidole vyake, maskini, anadhani ni kosa lake. Ningeweza kunyamaza. Kusema kweli nililifikiria hilo kwa sekunde mbili nzima, nikimwona Shija ameketi kwenye kile kiti.

"Ni mimi," nikasema. "Na waya nimerudisha mimi. Na funguo nimezitoa kwenye ovaroli."

Shangazi akajifunga lile shuka kama mtandio, akanitazama kuanzia nywele hadi maganda ya viazi. Kisha akacheka. Alicheka akashika ukuta, mtaa wote ukacheka naye, hata mwenye mashuka aliyekuja na fimbo.

"Tangu nizaliwe sijawahi kuitikia shikamoo nikiwa safarini!" Akafuta machozi. "Shija alinivunjia toroli mbili za tumbaku, hadi leo anasema zilivunjika zenyewe. Fundi, huyu utamweka mwezi mwingine mmoja. Akishika hayo masharti yako, bajaji ni yake kuendesha."

"Wiki sita," akasema fundi.

"Wiki sita. Na haya mashuka anafua yeye."

Nimefua kumi na moja, mikono imekuwa kama ya mtoto mchanga. Kwa hiyo tukutane barabarani baada ya wiki sita, wapendwa. Anayecheka sasa hivi, majina naandika: huyo atatembea kwa miguu.