Mwombeeni Dada Mmoja

Jumatatu, 3 Machi. Ukungu mzito, baridi ya kuuma masikio. Dirisha la chumba linatoka jasho kwa ndani.

Siku ya barua. Kila mwanzo wa mwezi timu yetu huliandikia kanisa lililotutuma huku ugenini, na kila mmoja wetu, wote wanne, hutoa changamoto moja na baraka moja. Mimi ndiye katibu, mimi ndiye ninayechapa. Kiongozi, ambaye ni mchungaji, alitoa changamoto ya paa na baraka ya paa hilohilo. Fundi, anayetengeneza kila kinachoharibika, alisema changamoto yake ni pampu ya maji, na baraka yake ni kwamba pampu haijui kusema. Muuguzi akatoa baraka kumi na moja. Kumi na moja! Watoto aliozalisha, mmoja mmoja, pamoja na uzito wao. Nilimkumbusha utaratibu. Akacheka, akasema, "Basi chagua wewe, dada mkubwa." Nimemzidi miaka sita tu.

Mimi nilisema sinki la jikoni limeacha kuvuja. Fundi akauliza kama hiyo ni baraka yangu au ni yake.

Kabla hatujainuka Kiongozi alisoma habari kutoka halmashauri ya misheni nyumbani. Kitafunguliwa kituo kipya ng'ambo ya mto, chenye darasa na zahanati, na msimamizi atatoka miongoni mwetu. Jibu litatoka ndani ya wiki mbili.

Kituo hicho ni changu. Nimekisubiri miaka sita, nikifundisha watu wazima kusoma kwenye chumba ambacho asubuhi ni darasa na asubuhi hiyohiyo ni mahali pa wagonjwa kusubiri. Nilivumilia. Kisha miezi minane iliyopita akaja huyu Muuguzi. Sasa akifungua mlango kuita mgonjwa, nusu ya darasa inasimama kwenda kupimwa presha. Hawaumwi. Wanakwenda kucheka naye. Miezi minane, naye anawatania kwa lugha yao. Mimi bado naombwa nirudie.

Nimejilaza saa nne kasoro. Kujilaza si kulala.

Jumatano, 5 Machi. Jua dhaifu, upepo hakuna.

Nimeamka na akili mpya. Barua iko mikononi mwangu, na mimi si msengenyaji. Sitamsema mtu. Nitamwombea.

Chini ya changamoto nimeongeza mstari mmoja: "Mwombeeni dada mmoja katika timu yetu anayesumbuliwa na roho ya kujikweza, isije ikaharibu kazi ya kituo kipya." Hakuna jina. Hakuna matusi. Wanawake katika timu ni wawili, yeye na mimi, na mtu yeyote mwenye akili zake atajua ni nani. Barua imeondoka saa tano asubuhi. Nimekunywa kikombe cha pili cha chai, jambo ambalo sifanyi katikati ya wiki.

Nimelala saa tatu, kama gogo.

Jumanne, 11 Machi. Mvua tangu alfajiri. Na iendelee tu kunyesha, inisombe hapa.

Dada yangu alipiga simu kabla sijanawa uso. Akaniambia nisiwe na hofu, kanisa zima limefunga na kuomba tangu Jumapili kwa ajili yangu. Hata shangazi mwenye kisukari amefunga, ingawa wamemruhusu afunge mpaka saa nne tu. Nilimuuliza nani kasema ni mimi. Akasema, "We mwanamke, sisi si tumekua na wewe?"

Mama akamnyang'anya simu. Alikuwa analia kwa furaha. Tangu nikiwa na miaka saba, nilipokataa kuimba kwaya ya watoto mpaka nisimamishwe mbele ya wenzangu wote, amekuwa akimwomba Mungu anifungue macho. Sasa nimekiri mwenyewe, bila kushikwa. Nilimwambia, "Mama, nisikilize." Akasema, "Usiseme kitu mwanangu, umeshasema yote."

Wakati wa kifungua kinywa Kiongozi alitusomea jibu la barua. Akasema katika utumishi wake wote hajaona mtu anayechapa dhambi yake mwenyewe na kuituma. Muuguzi akazunguka meza, akanikumbatia kwa mikono yake inayonuka spiriti, akaninong'oneza kwamba aliliona jambo hili siku nyingi ila aliogopa kuniumiza. Nilikuwa na mkate mdomoni. Sikuweza kuutafuna wala kuutema.

Nimetafuta njia ya kutoka, sioni. Nikisema si mimi, nimesema ni yeye. Nikisema ni yeye, Kiongozi ataniuliza mstari ule ulitoka wapi, maana mezani haukuwepo.

Fundi alinipisha mlangoni kwa heshima zote. Akasema, "Katibu, hongera. Hata kwa unyenyekevu umetuacha mbali."

Saa sita usiku nilikuwa bado nahesabu mbao za dari. Ziko thelathini na nane.

Alhamisi, 13 Machi. Mawingu, matone machache.

Wanataka unyenyekevu, watausikia mpaka waombe maji. Nimechapa upya ratiba ya zamu. Vyombo vyote ni vyangu, siku saba. Muuguzi akapita na kalamu, akajiandika nusu. Nikafuta. Akaniwahi jikoni, nikamkuta anaosha sufuria nilizokwisha kuziosha. Nikashika beseni. Naye akashika. Alisema, "Niachie dada mkubwa, upumzike." Nilimwambia sijachoka na sitachoka. Maji yote yakaishia kwenye soksi zangu. Kiongozi alichungulia, akasema anafurahi kuona upendo unazidi.

Darasani, Bibi wa Miwani, mwanafunzi wangu mkongwe kuliko wote, alisoma mstari mzima bila kufuata kwa kidole. Miaka miwili nimempigania mstari huo. Alipomaliza akageuka kutafuta mlango wa zahanati, ili amwambie Muuguzi. Nilimwekea alama ya mahudhurio na kuendelea na mstari uliofuata.

Jioni Kiongozi aliniita pembeni. Halmashauri imeguswa na ungamo langu. Wanasema mtu aliyeujua udhaifu wake ndiye wa kukabidhiwa watu. Kituo kinaelekea kwangu! Kimebaki kitu kimoja. Jumapili, baada ya ibada, tutaunganishwa na nyumbani kwa kompyuta, na mwenyekiti wa umoja wa akina mama ataniomba nikiri mbele ya wote kwamba dada yule ni mimi. Maneno mawili tu: ni mimi.

Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo mara arobaini. Yanatoka vizuri nikiwa peke yangu.

Nimelala saa tatu na nusu, nikipanga vitanda vya kituo.

Jumapili, 16 Machi. Anga jeupe, kavu, tulivu. Siku ya kukabidhiwa kitu.

Naandika kwa utaratibu, nisije nikasahau hatua hata moja.

Kwanza, tuliketi wanne kwenye benchi mbele ya kompyuta. Nyumbani walikuwa wamejaa mpaka milangoni. Mama alikuwa mstari wa mbele na kilemba kipya. Shangazi alikuwa kando yake, anatafuna kitu.

Pili, Mwenyekiti aliomba, kisha akasema halmashauri imekubaliana na inasubiri neno langu. Nilivuta pumzi. Naapa neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Tatu, Muuguzi akanishika mkono, akaubonyeza kama anatafuta mshipa, akasema kwa sauti ya kumliwaza mtoto, "Sema tu dada mkubwa. Sote tunajua."

Sote tunajua. Yeye, wa miezi minane, ananijua mimi.

Nikasema si mimi. Nikasema ni huyu hapa. Nikamnyooshea kidole ili wa nyuma kabisa waone. Nikasema mstari niliuandika mwenyewe, juu yake, na kama wangekuwa makini wangeelewa tangu mwanzo.

Mtandao ukakwama hapohapo. Kwa dakika nzima tulimtazama mama yangu ameachama mdomo, hatikisiki. Fundi akanong'ona kwamba labda ni huku kwetu ambako hakuna kinachotikisika. Picha iliporudi Mwenyekiti alisema watahitaji kuendelea kuomba. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, naona kilemba tu.

Muuguzi aliuachia mkono wangu, akainuka. Alikwenda zahanati kufunga vidonda, siku ya Jumapili.

Sikula. Nimeingia kitandani saa moja, kukiwa bado kweupe.

Jumatano, 19 Machi. Ukungu umerudi.

Jibu limefika. Kituo amepewa Muuguzi. Halmashauri ilitaka mimi nirudishwe nyumbani, ila yeye ameandika kuwasihi wasinitoe, kwamba darasa bila mimi litakufa. Amenitetea bila kuniuliza! Sasa nitaishi kila siku kwa hisani yake. Barua ya mwezi nimenyang'anywa, amepewa Fundi, anayechapa kwa kidole kimoja.

Asubuhi Bibi wa Miwani alikuja na barua ya binti yake aliye mbali. Akaisoma yote mwenyewe, kurasa mbili, mpaka salamu za mwisho. Kisha akanishika mikono akilia, hakutaka kuniachia. Amenichelewesha nusu saa.

Maana nilikuwa na kazi. Nimepitia hatua zangu zote tangu tarehe tatu, moja baada ya nyingine, na nimeona kosa ni moja tu. Sikutaja jina.

Fundi alipopita kukusanya karatasi za changamoto na baraka za mwezi ujao, yangu ilikuwa tayari. Baraka: hakuna. Changamoto: jina kamili la Muuguzi, lake, la baba yake na la babu yake, ili mbinguni na kwenye halmashauri asitafutwe mtu mwingine. Fundi alisoma, akanitazama, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia achape tu.

Nimelala saa tatu na robo.