Kona Nne za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Mdomo wangu umeniponza tena. Mama mkwe kaja na picha ya marehemu baba mkwe, moja tu iliyobaki: kakaa kitini, mikono magotini. Anataka fremu kabla ya Jumapili, ukoo mzima ukikusanyika kwake. Shemeji, kaka wa mke wangu, akasema anamjua fundi mzuri. Nikadakia: fundi wa nini, na mimi nipo? Mbao nne, kona nne, basi! Mama mkwe akanishukuru mpaka machozi. Shemeji akatabasamu. Tabasamu lile silipendi.

Jumanne, 4 Juni
Kazi yenyewe kitu gani? Kila ncha unaikata mshazari, digrii arobaini na tano. Ncha mbili zikikutana, kona hiyo. Nimekadiria kwa jicho. Kona ya kwanza, safi! Ya pili, safi. Ya tatu, si haba. Ya nne imeachama kama mamba! Mke wangu akapita na beseni la nguo, akauliza kama hapo ndipo mlango. Nikaigeuzia kona ukutani.

Jumatano, 5 Juni
Nimeunda kisanduku chenye mfereji wa kuongoza msumeno. Ncha zote nane nimekata humo. Kumbe mfereji umekaa upande! Kosa dogo, ila mara nane. Mke wangu akasema hata pande zinazotazamana hazilingani urefu. Nikamwambia aniachie useremala wangu. Alipotoka nikapima. Kweli hazilingani. Simwambii ng'o.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepunguza upande mrefu. Sasa ndio mfupi. Nikapunguza mwenzake. Kona zikakataa, nikakata upya. Fremu inaisha kama sabuni! Shemeji kapita, eti kusalimia tu. Kainua fremu, kachungulia, kauliza kama ni ya picha ya pasipoti. Mbao zimekwisha. Dukani aina ile hakuna. Nalala bila kula.

Ijumaa, 7 Juni
Fremu haiifuati picha? Basi picha iifuate fremu! Nikashika mkasi. Nilianza na sakafu. Sakafu ni ya nini? Kisha viatu. Kisha miguu yote, na kiti chake. Kisha pembeni kidogo tu. Mkono ukateleza. Sikio! Sikio la marehemu! Nikakaa chini kwenye unga wa mbao. Picha ni hiyo moja. Nimelirudisha kwa gundi. Limekaa juu kidogo.

Jumamosi, 8 Juni
Nimechanganya unga wa mbao na gundi, nikasiliba mapengo. Vanishi juu. Ukisimama mbali, inapendeza. Mkakati: itundikwe karibu na dari.

Jumapili, 9 Juni
Niliitundika juu kabisa. Wakapiga makofi. Mama mkwe akaomba ishushwe, amwone mumewe vizuri. Nikasema akiitazama karibu macho yataumia. Shemeji akaishusha. Alipompa tu, kona zikaachia, moja baada ya nyingine, mbao nne zikamwangukia mapajani. Picha ikabaki mkononi mwake. Akaitazama, akaitazama.

“Miguu yake iko wapi, mwanangu?”

Shemeji alianza kucheka, akaona uso wa mama yake, akanyamaza. Hakunifokea mama wa watu. Angenifokea ningepata nafuu. Aliifunga picha kwenye kitambaa, akaingia chumbani. Mke wangu hajanisemesha njia nzima. Sistahili hata maji ya kunywa.

Jumatatu, 10 Juni
Shemeji kaipeleka picha kwa fundi wake. Mke wangu anasema mama yake amenisamehe, ila ana ombi moja: nisishike tena msumeno. Nimelitafakari kwa unyenyekevu. Kosa nimeligundua. Kona nne ni chache mno, kila dosari inaonekana! Zikiwa nane, dosari zinagawanyika. Nimemtumia mama mkwe ujumbe kwamba namtengenezea fremu ya kioo, kile kikubwa cha chumbani kwake. Pembe nane. Hajajibu. Furaha hiyo.