Kofia Tatu za Ghala la Asali

Jumatatu, 3 Juni 1974

Msimu wa asali umepamba moto! Msimamizi wetu, Mzee Maximilian, anastaafu Ijumaa. Amesema atakayemaliza wiki bila kuchanganya mambo ndiye atakabidhiwa ghala. Nakitaka cheo hicho hadi usingizi unaruka. Tupo wawili tu, mimi na Romana. Romana mzito! Hawezi kupokea mtu huku anapima. Humaliza debe lake, hulifunika, ndipo ageuke. Mimi napima, nachemsha nta, napokea warina asali, vyote pamoja. Kweli, leo nimepima debe lile lile mara mbili. Mke wangu Verdiana amenikumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Nimemjibu mimi nashika matatu, methali hainihusu. Shida ni kichwa kusahau kipo kazi gani. Dawa nimeipata.

Jumanne, 4 Juni

Kofia! Ya ukindu ya kupokea watu. Ya sufu ya kupimia. Barakashia, nimeiazima kwa jirani, ya kuchemshia nta. Nikivaa, kichwa kinajua. Asubuhi mambo safi kabisa. Mchana ya sufu ikapotea. Nikaitafuta hadi nta ikafurika motoni. Kumbe ilikuwa kichwani, chini ya ile ya ukindu. Romana ameniuliza kama naumwa. Wivu tu.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Mzee Kasimiri kaleta asali yake nyeupe kutoka porini. Desturi kila mtu anaijua: unaonja mbele ya mrina, unasifu, unauliza habari za mizinga, ndipo unapokea. Lakini nilikuwa na barakashia. Nikajiambia, Ponsian, usibabaike, tii kofia. Nikamimina debe zima kwenye pipa la nta inayochemka! Sikuonja hata kwa kidole. Mzee akaniuliza, taratibu kabisa, kama kwetu hakuna wakubwa. Harufu ikatanda mjini, nyuki wakaja. Mzee Maximilian alitorokea dirishani. Mimi nilikimbia hadi mtaa wa Nsemulwa, kofia zote kichwani. Romana alimaliza debe lake, akalifunika, ndipo akafunga madirisha.

Ijumaa, 7 Juni

Cheo kapewa Romana. Nimelia, sifichi. Kwa jicho moja, la pili limevimba. Ila Mungu hamtupi mja wake! Mzee Kasimiri kaja kuchukua ile asali iliyochemka apikie pombe ya wanzuki, akasema hana kinyongo, ila safari nyingine nionje. Na Romana hakunifukuza. Kanipa kazi moja tu, kukoroga nta. Kasema nikiiweza hadi msimu uishe, atanirudishia mizani. Nimemshukuru mpaka akaona aibu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekoroga kutwa nzima bila kosa. Kumbe naweza! Kichwa kimetulia, hata Romana kasifu nta yangu. Tena katika utulivu huo nimeligundua kosa la wiki hii: kofia tatu hazikutosha. Fundi cherehani ananishonea ya nne, ya kunikumbusha nimevaa ipi.